Viza Imeondolewa, Fomu Imebaki

Tarehe 12 Desemba 2023, katika sherehe za Jamhuri jijini Nairobi, Rais William Ruto alitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 hakuna mgeni kutoka pembe yoyote ya dunia atakayelazimika kuomba viza ya Kenya. Habari hiyo ilivuka mpaka kabla ya jua kuchwa. Mimi huuza tiketi za ndege na za basi hapa Kampala, na kwa siku kadhaa wateja walikuwa wakiniuliza kama jamaa zao walioko Zambia au Ghana sasa wanaweza kukata tiketi ya Nairobi na kuondoka tu. Masharti yenyewe yalipotoka, ilibainika kwamba viza ilikuwa imeondoka kweli, lakini ombi la mtandaoni, ada ya dola 30 na siku tatu za kusubiri jibu vilikuwapo, chini ya jina jipya la kibali cha kusafiri cha kielektroniki. Sisi Waganda, pamoja na raia wenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hatukuguswa. Walioguswa ni Wazambia, Wamalawi na Wabotswana, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakishuka Nairobi na pasipoti peke yake, bila ada wala fomu, na ambao tangazo la kuondolewa viza liliwaletea sharti wasilokuwa nalo. Baadaye serikali ya Kenya ilianza kuwasamehe baadhi yao kidogo kidogo, na safari ya sera hiyo nitairudia huko chini.

Naandika kwa sababu vibali vya namna hii vinaenea duniani kwa kasi, na kwa sababu watu wengi wanaofika ofisini kwetu, wakiwemo waliosoma sana, bado wanadhani kwamba mtu asiyedaiwa viza hana la kufanya kabla ya safari isipokuwa kufunga mizigo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kibali cha kielektroniki ni nafuu kubwa kwa mtu ambaye vinginevyo angedaiwa viza, lakini kwa mtu aliyekuwa akisafiri bila masharti ni mzigo mpya, na nchi za Afrika Mashariki ambazo raia wake huvuka mipaka kwa kitambulisho cha taifa hazina sababu ya kukiiga baina yao.

Kwanza ieleweke ni nani anayetakiwa kuomba kibali hiki. Kwa kawaida ni msafiri ambaye nchi anayoiendea imekwisha kumsamehe viza kwa sababu ya pasipoti yake. Mwombaji wa viza hutakiwa kupeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole, na pengine aketi mbele ya afisa wa ubalozi anayemuuliza kwa nini tutarajie utarudi kwenu. Mwombaji wa kibali hujaza kwa simu au kompyuta namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, anwani na picha, hujibu maswali machache kuhusu makosa ya jinai, ugaidi na kukiukwa kwa masharti ya uhamiaji huko nyuma, kisha hulipa kwa kadi. Mitambo hulinganisha majibu yake na orodha za watu wanaotafutwa, na pia orodha ya Interpol ya pasipoti zilizoibwa au kupotea. Wengi hupata jibu ndani ya dakika au saa chache. Hakuna karatasi inayobandikwa kwenye pasipoti, kwa kuwa ruhusa imefungwa kwenye namba ya pasipoti ile, na pasipoti ikibadilishwa ruhusa nayo inakufa, hata kama muda wake haujaisha.

Australia ndiyo iliyoanza, mwaka 1996, wakati Sydney ilipokuwa ikijiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya 2000. Lengo lao lilikuwa la kibiashara kwa kiasi kikubwa, yaani kuwapitisha watalii haraka bila foleni za ubalozini. Marekani ilifika kwenye jambo lilelile kwa njia nyingine. Ilikuwa na mpango wa kuwasamehe viza raia wa nchi rafiki kwa sheria ya mwaka 1986, na baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 Bunge lake likahoji kwa nini watu hao wanafika uwanjani New York bila mtu yeyote kuwachunguza kabla. Sheria ya mwaka 2007 ikaagiza mfumo wa vibali vya kielektroniki uitwao ESTA uundwe, na kuanzia tarehe 12 Januari 2009 ukawa wa lazima. Canada ilifuata mwaka 2016, New Zealand 2019, Korea Kusini 2021. Uingereza ilianza na raia wa Qatar mnamo Novemba 2023, ikapanua orodha Januari 2025, na Aprili 2025 ikawafikia Wazungu wa Ulaya bara. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya mfumo wake wa vibali, uitwao ETIAS, mwaka 2018, ukaahirisha mara kwa mara, na sasa umepangwa kuanza robo ya mwisho ya mwaka 2026.

Ada inastahili kuangaliwa kwa jicho kali kidogo. ESTA ilianza bila malipo. Mwaka 2010 ikawa dola 14, mwaka 2022 ikawa dola 21, na mwishoni mwa Septemba 2025 ikapanda hadi dola 40. Katika zile dola 14 za mwanzo, 10 zilikwenda kwenye mfuko wa kuitangaza Marekani kwa watalii, maana yake mgeni alikuwa akilipia tangazo la kumshawishi aende mahali alikokwisha kuamua kwenda. Kibali cha Uingereza kilikuwa pauni 10, na kabla ya miaka miwili kupita kikawa pauni 16. ETIAS ilipangwa kuwa euro 7, lakini hata haijatumika na bei imeshatangazwa kuwa euro 20. Canada ndiyo iliyojizuia: dola 7 za kwao, kwa miaka mitano. Serikali inapogundua kwamba mlipaji ni mgeni asiyepiga kura na kwamba hana mlango mwingine wa kupitia, sioni ni kitu gani kitakachoizuia kupandisha bei tena, na kwa hiyo simwamini yeyote anayesema ada hizi ni za kugharamia mitambo tu.

Maswali nayo huongezeka. Tangu Desemba 2016 fomu ya ESTA imekuwa na nafasi ya kuandika akaunti za mitandao ya kijamii kwa hiari, na Desemba 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza hiari hiyo iondolewe. Lipo sharti jingine linalowagusa hasa wageni wanaoishi hapa Kampala. Kwa sheria ya mwaka 2015 na nyongeza zake, raia wa nchi iliyosamehewa viza ambaye amewahi kufika Sudan, Somalia, Libya, Yemeni, Iraki, Irani au Syria tangu tarehe 1 Machi 2011 hawezi tena kutumia ESTA, isipokuwa kwa misamaha michache, bali huomba viza kama sisi wengine. Sasa fikirieni mji huu ulivyo. Kampala imejaa Wajerumani, Waitalia na Wadenmaki wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada, na ambao kazi zao huwapeleka Mogadishu leo, na kabla ya vita ziliwapeleka Khartoum. Wengi wao hawajui kwamba siku tatu za mkutano wa Mogadishu zinaweza kuwagharimu msamaha wa viza ya Marekani, na hulijua hilo pale wanapotaka kwenda kwenye harusi ya ndugu Boston. Nikiri kwamba jambo hili hunifanya nitabasamu kidogo, si kwa ubaya, ila kwa sababu mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye foleni ya ubalozi huanza kuuliza maswali ambayo Mganda ameyauliza maisha yake yote.

Lakini kiini cha mfumo huu, kwa maoni yangu, hakimo katika fomu wala katika ada. Kimo katika kaunta ya shirika la ndege pale Entebbe. Zamani msafiri asiyedaiwa viza alikutana na nchi ngeni alipofika kwenye dirisha la uhamiaji la nchi hiyo, akasimama mbele ya afisa aliyeapishwa, mwenye msimamizi nyuma yake na sheria ya nchi juu yake. Siku hizi uamuzi hufanyika kabla hajaondoka nyumbani, na anayeutekeleza ni kijana wa kaunta anayeingiza pasipoti kwenye kompyuta. Mtambo wa shirika huuliza mtambo wa serikali ya ng'ambo, jibu hurudi kwa sekunde chache, na kama jibu ni hapana, hakuna pasi ya kupandia ndege. Kijana yule hana uwezo wa kubadilisha lolote, na pengine hata sababu ya kukataliwa haijui. Nchi ngeni imefanya kama kondakta wa taksi anayedai nauli kabla gari halijatoka stendi, isipokuwa kondakta unaweza kubishana naye.

Mashirika ya ndege hayafanyi hivyo kwa kupenda. Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho chake cha 9, huliwajibisha shirika kuhakikisha abiria ana hati zinazotakiwa na kumrudisha aliyekataliwa. Nchi nyingi zimeongeza faini juu yake. Uingereza, kwa sheria yake ya uhamiaji ya mwaka 1999, hutoza shirika pauni 2,000 kwa kila abiria aliyefikishwa bila hati sahihi. Mei 2025 Shirika la Ndege la Uganda lilianza kutua Gatwick, London, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya kwetu pia: ndege yenye abiria watano wasio na kibali inaweza kuligharimu shirika pauni 10,000, na hakuna meneja atakayemlaumu mfanyakazi wake kwa kuwa mkali kupita kiasi. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wasimkasirikie mtu wa kaunta. Hasira hiyo imekosea anwani.

Jambo hili lina upande wake mzuri, na haki ni kuutaja. Mtu atakayekataliwa ni bora akataliwe akiwa Ntinda, hapa Kampala, kuliko akataliwe akiwa Heathrow, amekwisha kulipa tiketi na amelala kwenye kiti cha chuma akisubiri ndege ya kurudishwa. Hata hivyo kibali hakimhakikishii mtu kuingia. Afisa wa uhamiaji wa nchi ile bado ana mamlaka ya kumuuliza, kumpekua na kumrudisha, na kila fomu ya aina hii husema hivyo waziwazi kwa herufi ndogo.

Tuje kwa Mganda mwenyewe. Pasipoti ya Uganda haimo katika orodha ya waliosamehewa viza na Marekani, Canada, Uingereza wala eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kwa hiyo vibali vya nchi hizo, kwa mwenye uraia wa Uganda peke yake, havimhusu kabisa. Mara kwa mara huja mtu akiwa amesikia kwamba siku hizi Uingereza ni ombi la simu la pauni chache tu, naye anataka tumsaidie kulijaza. Ninamweleza kwamba anahitaji viza kama zamani, na kwamba hata kupita tu Heathrow akielekea nchi nyingine Uganda imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake hudaiwa viza ya kupitia, isipokuwa kwa misamaha fulani kama ya mwenye viza halali ya Marekani. Wengine hawaniamini na hudhani nimelificha jambo ili niwatoze zaidi.

Tofauti ya gharama ni kubwa. Mganda anayeomba viza ya Schengen hulipa euro 90 tangu Juni 2024, na akinyimwa hairudishwi, wakati jirani yake wa Seychelles, ETIAS itakapoanza, atalipa euro 20 kwa ruhusa ya miaka mitatu. Marekani imeweka kipimo kwamba nchi haiwezi kuingizwa kwenye mpango wake wa kusamehe viza kama asilimia 3 au zaidi ya raia wake hunyimwa viza za matembezi kwa mwaka, na hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyomo. Kipimo hicho kinazunguka: mnanyimwa viza kwa sababu mnashukiwa, na mnaendelea kudaiwa viza kwa sababu mnanyimwa.

Hata walio ndani ya orodha hawana hati ya kumiliki nafasi zao. Namibia ilikuwa imesamehewa viza na Uingereza mpaka Julai 2023, kisha ikaondolewa. Botswana ilifika mpaka kwenye hatua ya kibali cha kielektroniki, raia wake wakakizoea kwa miezi michache, na Oktoba 2025 wakarudishwa kwenye viza. Katika bara letu na visiwa vyake waliobaki na kibali cha Uingereza ni Mauritius na Shelisheli, ambayo wenyewe huandika Seychelles. Kwa hiyo anayesema kwamba mfumo wa vibali ni hatua ya kuelekea dunia isiyo na viza anapaswa kwanza kuzungumza na Mbotswana.

Kundi la Waganda linaloguswa moja kwa moja, na ambalo hutuletea kazi nyingi zaidi ofisini, ni wenye uraia wa nchi mbili. Katiba yetu iliruhusu jambo hilo kwa marekebisho ya mwaka 2005, na sheria ya kulitekeleza ikapatikana mwaka 2009. Tangu hapo wapo wazee wengi waliofanya kazi London au Toronto, wakachukua uraia wa huko, wakarudi kujenga Mukono au Mbale, na pasipoti ya ng'ambo ikawafia kabatini. Mzee wa namna hiyo akitaka kwenda kumzika dada yake London huona njia tatu, na zote zimefungwa. Kibali cha kielektroniki hawezi kuomba, kwa sababu raia wa Uingereza hapewi kibali cha kuingia kwao. Viza kwenye pasipoti ya Uganda hawezi kuomba, kwa sababu hiyohiyo. Na tangu tarehe 25 Februari 2026, siku ambayo Uingereza iliamua kuanza kulitekeleza sharti hili kwa ukamilifu, mashirika ya ndege yanatakiwa kuona pasipoti ya Uingereza iliyo hai, au hati ya kuthibitisha haki ya makazi, ambayo ada yake inazidi pauni 500. Canada imekuwa na utaratibu unaofanana tangu mwaka 2016: raia wake lazima apande ndege kwa pasipoti ya Canada.

Nakumbuka mazungumzo na mzee mmoja wa aina hiyo, mtu mpole sana, aliyeniuliza, "Mwanangu, yaani wananizuia kwa kuwa mimi ni wao?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Nilimweleza njia ya kuomba pasipoti mpya kutoka hapa, muda unaoweza kuchukua, na kwamba msiba hautasubiri. Kwa yeyote mwenye mzazi wa namna hiyo, nasema bila kupamba: kafungueni kabati leo muangalie tarehe ya mwisho ya pasipoti ile, kwa maana hakuna programu ya simu itakayowasaidia wiki ya mazishi.

Ipo pia nchi ambako Mganda wa kawaida, mwenye pasipoti yetu tu, hukutana na kibali hiki uso kwa uso, nayo ni hiyohiyo Shelisheli. Nchi hiyo ya visiwa haimdai Mganda viza, jambo linalowavutia wanandoa wapya wanaotafuta fungate bila usumbufu wa ubalozi. Lakini kabla ya kupanda ndege kupitia Nairobi au Addis Ababa anatakiwa awe na idhini ya kusafiri iliyoombwa mtandaoni, ada yake ya kawaida ikiwa euro 10, na aoneshe tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Kwa kuwa anatoka Uganda, ataulizwa pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Bwana harusi mmoja alitufikia jioni ya kuamkia safari akiwa na hakika kwamba kazi imekwisha kwa sababu ameandikiwa mahali fulani kwamba viza haihitajiki. Ilikuwa kweli haihitajiki. Idhini ilipatikana usiku, bibi harusi akiwa hajaambiwa, na sidhani kama mpaka leo ameambiwa.

Nigusie kwa haraka mambo ya kujilinda. Ukitafuta vibali hivi kwenye intaneti, tovuti za kwanza kuonekana mara nyingi si za serikali, bali ni za watu wa kati waliolipia tangazo, ambao hutoza mara mbili au tatu ya ada halisi na hukusanya namba ya pasipoti na ya kadi yako. Anwani ya Marekani huishia na .gov, ya Uingereza na gov.uk, na ya Canada ni canada.ca. Namba ya pasipoti iandikwe kama ilivyo, kwa kuwa herufi O ikiwekwa mahali pa sifuri kibali kitatolewa, lakini kitakuwa cha pasipoti isiyokuwapo duniani. Hayo yanatosha, mengine yamo kwenye fomu zenyewe.

Uganda yetu haina kibali cha aina hii. Tangu mwaka 2016 tuna viza ya kielektroniki, ambayo mgeni huiomba kwenye tovuti ya Kurugenzi ya Uraia na Uhamiaji, akilipa dola 50 kwa kuingia mara moja, au dola 100 kwa viza ya utalii ya Afrika Mashariki inayomruhusu kuzunguka Uganda, Kenya na Rwanda kwa siku 90. Viza hiyo ya pamoja ilianza mwaka 2014, na ningependa itangazwe zaidi, kwa maana mtalii anayeshuka Entebbe kwanza, akaenda kuona sokwe Bwindi na kisha kuvuka kwenda Maasai Mara, huepuka kuomba tena upande wa Kenya. Raia wa nchi tulizozisamehe viza, wakiwemo wa Jumuiya na wa nchi kadhaa za COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, huja na pasipoti na cheti cha chanjo tu. Hawajazi chochote kabla ya safari, na ningependa ibaki hivyo.

Nasema hivyo kwa sababu mara kwa mara husikia watu wa sekta ya utalii wakidai kwamba Uganda ifuate mfano wa Nairobi, iondoe viza kwa wote na kuweka kibali kwa wote. Kwa Mjerumani au Mmarekani, ambaye leo hulipa dola 50 na kungoja, pengine kingekuwa kitu kizuri, na sitalipinga. Shida ni neno "wote". Kenya yenyewe iliona matokeo yake. Waafrika waliokuwa wakiingia bure walipandishiwa ukuta wa dola 30, malalamiko yakaja, na Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kuwaondolea sharti hilo Waafrika karibu wote. Ilipofika Julai 2025 walikuwa wamebaki Walibya na Wasomali tu, tena Somalia ikiwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Rwanda haikuzunguka hivyo: Novemba 2023 Rais Kagame alitangaza Mwafrika yeyote aingie bila viza wala ada. Ghana nayo ikatangaza, mwanzoni mwa 2025, kufungua milango kwa Waafrika.

Sisi tulikuwa mbele yao wote kwa namna yetu, na hatulisemi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na tangu mwaka 2014 Mganda, Mkenya na Mnyarwanda huweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, abiria wa basi la usiku hushuka mara moja, huonana na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, na hurudi kwenye kiti chake. Hakuna kadi ya benki, hakuna barua pepe, hakuna picha ya uso iliyotumwa siku tatu kabla. Muuzaji wa nguo wa Kikuubo hapa Kampala anayekwenda Eastleigh, Nairobi, hana anwani ya hoteli ya kujaza, na mara nyingi hajui kama atalala huko au atarudi usiku uleule. Ukimwekea fomu ya kujaza kabla ya safari, hata ikiwa ya bure, hatasafiri kwa utaratibu zaidi. Atapita njia za panya, zile ambazo vituo vya pamoja vilijengwa kuzimaliza.

Kama Kurugenzi ina nguvu na fedha za kujenga mtambo mpya, nadhani kazi ipo kusini kabla ya kuitafuta kwingine. Pale Mutukula, tofauti na mipaka yetu ya Kenya na Rwanda, Mganda bado hudaiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria ili aingie Tanzania, kwa sababu Tanzania haikujiunga na makubaliano ya vitambulisho. Hilo ni suala la nchi mbili kukaa mezani, wala halihitaji tovuti. Mpaka litakapomalizika, wateja wangu wa basi la Bukoba na Mwanza waendelee kufika ofisini na pasipoti mkononi, pamoja na kadi ya homa ya manjano, maana siku hizi inaangaliwa.